Kwaya ya Wodi ya Watoto Wachanga

Nimestaafu kabla sijafika miaka thelathini. Msicheke. Wengine hustaafishwa na umri, wengine na magoti. Mimi nimestaafishwa na koo la mwanangu. Siku ya kuniaga wenzangu wa wodi walininunulia kitenge na soda ya baridi, na nje mvua inanyesha, mnajua baridi yetu. Niliikunja sare nikaiacha kwenye kiti cha stoo, nikaondoka bila hotuba. Sista Nzunda, msimamizi wa wodi, ndiye aliyeniomba baadaye niwaandikie ninyi wahudumu mlioajiriwa juzi. Akasema, "Atu, waandikie ya moyoni." Nadhani alitegemea maneno kama Mungu awabariki na mchape kazi. Mungu awabariki. Mchape kazi. Sasa ya moyoni ndiyo haya.

Habari za cheti cha mfanyakazi bora sitaziandika. Kiko nyuma ya kabati, panya wanakisoma. Nitaandika tulivyofanya kazi, kwa sababu ninyi mtafanya hivyohivyo kama hakuna wa kuwashika mkono.

Nilifika pale na cheti cha kidato cha nne na woga wa damu. Nilidhani mhudumu wa wodi ni mtu wa kuita majina ya wagonjwa. Nikapewa ndoo, dawa ya klorini na fagio la maji. Nilipofika mlango wa wodi ya watoto wachanga, mkono ukanizuia kifuani. Mkono huo ulikuwa wa Sista Nzunda: mfupi, mnene, wa mtu aliyelima kahawa utotoni.

"Simama. Usiangalie. Sikiliza kwanza."

"Nisikilize nini, Sista?"

"Wanao."

"Mimi sina mtoto."

"Ukishavuka huu mlango unao. Haya niambie, nani amenyamaza?"

Nilimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Mle ndani kulikuwa na mashine ya oksijeni inayounguruma kama ya kusaga mahindi, akina mama wanapiga soga, na vitoto visivyozidi mkate vinakoroma na kulia. Nitajuaje aliyenyamaza? Lakini alinisimamisha pale kila asubuhi mpaka nikajua. Mtoto mkubwa akizidiwa ataita mama. Mchanga haiti mtu. Anaacha tu kupumua, kimyakimya, kama mtu mstaarabu anayeaga bila kusumbua wenyeji. Kwa hiyo Sista alitufundisha maneno ambayo na ninyi mtaambiwa: "Anayesikika yupo. Usiyemsikia ndiye mkimbilie."

Na ni kweli, yaliokoa watu. Palikuwa na mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka Nakonde. Kila ukimuuliza kitu, jibu lake lilikuwa "bwino", yaani vizuri kwa lugha ya kwao. Maziwa yanatoka? Bwino. Mtoto ananyonya? Bwino. Kidonda kinauma? Bwino. Siku hiyo tumesimama mlangoni, Sista akageuza kichwa kuelekea kona ya dirisha, akaacha kandambili zake hapohapo akakimbia peku. Mtoto wa Nakonde alikuwa wa bluu. Sista akampa hewa kwa kubinyabinya kifuko cha mkononi cha kusukumia pumzi, sisi tumeganda, mpaka mtoto akalia kama mbuzi. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, mikono kichwani. Sista akamgeukia, "Upo, mama?" Akajibu, machozi yanamtoka, "Bwino." Tulicheka wodi nzima mpaka tukalia. Baada ya siku ile, Sista Nzunda angeniambia niruke ukuta, ningeruka.

Vifaa nilivijua kimoja kimoja. Mashine ya kunyonya makamasi, ambayo ukiiacha bila kuiosha inanuka kuliko choo cha stendi. Blanketi za kuwafungia watoto kifuani kwa mama zao, na akina mama wa Mbebe walikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko sisi, maana huko Ileje baridi inamfundisha mtu kufunika mtoto. Na mpira wa kupumulia, ambao daktari anaupitisha mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, mtoto aliyeshindwa kabisa apumuliwe na mashine. Mpira ule unashikwa na plasta iliyokatwa kama masharubu, upande mmoja unakaa juu ya mdomo, mwingine unazungushwa kwenye mpira. Kukata masharubu ilikuwa kazi yangu na niliipenda. Nilikuwa na mkasi wangu mwenyewe. Mtoto wa kilo moja na nusu mwenye masharubu ni kichekesho, na wodi ile ilihitaji vichekesho.

Ila plasta hailali mahali penye mate. Inalegea, mpira unachomoka, daktari anaurudisha. Unachomoka tena, anaurudisha tena. Nayo mipira midogo kabisa ilikuwa inaisha, kwa hiyo wakati mwingine unawekwa uliopo, hata kama ni mkubwa. Ukiingia kwa kubana, watu walifurahi: "Safi, hewa haivuji." Na siku ya kuutoa kila mtu aliogopa, maana mtoto akishindwa inabidi uingizwe upya. Basi tunasema tumwache apumzike mpaka kesho. Kesho inakuja, tunasema hivyohivyo. Hakuna aliyekuwa mvivu. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu hasira yangu ingekuwa nyepesi kama ningekuwa nawakasirikia wavivu.

Sasa nafika kwenye kwaya. Mtoto akishatolewa mpira, wengine walipumua kwa mlio. Kila wakivuta hewa inasikika kama bawaba kavu ya mlango, au kama filimbi ya mtoto wa shule. Kwa watu wanaoogopa kimya, mlio ule ulikuwa muziki. Tuliwaita kwaya. Sista Nzunda ni mwalimu wa sauti kanisani kwao, akawa anawapanga: huyu soprano, huyu alto, huyu besi wa baba yake. Mama akiuliza, "Sista, mbona mwanangu analia kifuani?" anajibiwa, "Mama, mtoto anayesikika ni mtoto aliye hai. Mshukuru Mungu, una mwimbaji." Mama anacheka. Anaenda nyumbani na mwimbaji wake.

Kuna mmoja wa Ndalambo, binti mdogo sana, bado alikuwa hajapata ajira ya kitu chochote isipokuwa umama. Mwanawe alikuwa soprano. Alirudi mara mbili na kikohozi, akapewa dawa ya kifua. Mara ya tatu hakurudi. Tulisema atakuwa amepona, au ni shughuli za shamba. Mpaka leo sijui. Nimejaribu kukumbuka jina lake na nakumbuka sweta yake tu, ya kijani, imefumuka kiwiko.

Halafu nikaolewa Tunduma, na mume wangu ni fundi wa matairi ya malori pale kwenye foleni ya mpakani. Nikapata mimba nikiwa kazini. Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati, amelegea kama nguo iliyotoka kwenye beseni, na kitanda chake kikawa ndani ya wodi niliyoipiga deki asubuhi ile. Tulimwita Ambakisye. Kwetu maana yake ni kwamba Mungu ameniokoa. Nilipewa kiti cha mama mwenye mgonjwa, kile cha plastiki chenye ufa kinachobana nyama ya paja. Nilikuwa nakijua kile kiti. Nilikuwa naamuru watu wakikalie.

Alishindwa kupumua, akawekewa mpira. Nilisikia kwa masikio yangu daktari wa zamu akiuliza saizi ndogo, na jibu likaja kwamba zimeisha. Akaweka iliyokuwepo. Je, angefanyaje? Asingeweka, leo ningekuwa ninaandika habari nyingine, fupi. Ulichomoka, ukarudishwa. Wenzangu walimkatia masharubu mazuri kuliko yangu. Sista Nzunda alikuwa akimaliza zamu haendi kwake, anakaa nami, ananipa uji wa kwenye chupa yake, ananiambia, "Kunywa, mwanangu. Maziwa hayatoki kwenye mawazo." Mapenzi yale sikuyakopa, nilipewa. Ndiyo maana yanauma.

Siku walipoutoa mpira, wodi ilinyamaza kumsikiliza. Akavuta hewa. Kikaja kijisauti, kile cha bawaba. Sista akapiga makofi mara moja, akaita, "Kwaya imepata mtu!" Wenzangu wakapiga vigelegele vya chini, vya hospitali. Nilicheka jamani. Nilicheka kama nilivyokuwa nikiwachekesha wengine.

Tukaenda nyumbani. Mwanzoni mlio ulikuja akilia tu. Baadaye ukaja akinyonya: ananyonya kidogo, anaachia, anavuta hewa kwa nguvu, anarudi. Kilio chake kilikuwa cha kukwaruza, kama mzee aliyezoea kiko. Kila mafua yalipoingia nyumbani, mlio ulikaa zaidi ya mafua. Na alipovuta hewa, kishimo cha juu ya kifua kilizama, ukaona ngozi inaingia ndani kama mtu anayefyonza chungwa.

Nilimrudisha kwetu. Nasema kwetu kwa maana ya hospitalini. Akapewa mvuke wa pumu. Akapewa sindano za kifua. Kila niliyekutana naye pale ananifahamu, ananiuliza habari za Tunduma, ananipa pole, anamsikiliza mtoto mgongoni. Sista Nzunda alimshika shavu akaniambia, "Atu, wewe mwenyewe unajua. Anayesikika yupo." Nikaona aibu kuendelea kuuliza. Na hapa ndipo pana ujinga ambao ni wa watu wa ndani tu. Mgeni angejieleza: mwanangu alizaliwa hivi, akawekewa mpira, ukatolewa, ndipo mlio ukaanza. Mimi nijieleze kwa nani? Wote walikuwepo, walimkatia masharubu. Kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyesema, na kwa kuwa hakuna aliyesema, hakuna aliyeunganisha.

Mama mkwe wangu yuko Igamba, anaishi na mibuni yake na simu ya tochi. Alimsikia mjukuu kwa simu akasema pale pale, "Hicho ni kimio, kile kinyama cha kooni. Kimerefuka, kinamkaba. Mleteni akatwe."

Nikamwambia mume wangu, "Kimio hakikatwi nyumbani kwa watu. Atavuja damu."

"Mama yangu alitukatisha wote, na wote tupo. Kaka yangu ni mwalimu."

"Na anaongea mno. Labda hawakumaliza."

Hakucheka. Alikuwa amechoka, na mimi sikuwa na jibu jingine la kumpa. Hospitali imesema kifua, kifua hakiponi. Mtu akikosa jibu anakwenda penye jibu. Nilikataa wiki nzima, mwisho nikafunga begi. Najuta kulifunga, ingawa kwa namna ya ajabu lile begi ndilo lililotupeleka mahali tulipozinduka.

Tulifika Igamba Jumamosi. Mkata kimio hayupo, kaenda msibani. Sijawahi kushukuru msiba wa watu namna ile, Mungu anisamehe. Mama mkwe akasema tutasubiri. Na jioni hiyo mlio ukapungua. Amba alikuwa ametulia begani kwangu, macho nusu, filimbi inasikika kwa mbali tu. Asubuhi haikusikika kabisa. Mama mkwe alimchukua, akaweka sikio mdomoni mwa mtoto, akainua mkono juu.

"Mama Amba, umesikia?"

"Sisikii kitu, mama."

"Ndiyo hivyo! Bwana amemfungua. Vaeni, tunakwenda kushukuru."

Kila mtu alifurahi. Nami nilifurahi, tuseme ukweli. Nilikuwa nimeuchoka ule mlio kuliko mtu yeyote. Nilivaa, nikamfunga kifuani, tukatembea katikati ya mibuni kwenda kanisani, mama mkwe mbele, anawaambia wapita njia.

Ibadani, wakati wa maombi ya kimya, watu wameinamisha vichwa. Kanisa zima kimya. Na mimi nikasimama, kwa mazoea ya mlango wa wodi, nikasikiliza. Nikasikia mtu anakohoa nyuma. Nikasikia jogoo nje. Wangu sikumsikia. Nikafungua kitenge. Mbavu zake zilikuwa zinafanya kazi kama mvukuto, tumbo linapanda, kifua kinazama, na hakuna hewa inayopita ya kutoa hata mlio. Jasho kwenye paji la uso. Midomo rangi ya majivu.

Nikatoka. Mama mkwe akanifuata mpaka uani, ameshika sadaka yake.

"Unakwenda wapi na hatujatoa shukrani?"

"Hospitali."

"Mtoto amepona, wewe unamtafutia ugonjwa!"

Mume wangu alikuwa amekwishatoka. Alimtazama mtoto kifuani, akamtazama mama yake. Ni mtu mpole, hajawahi kumpinga.

"Mama," akasema, "tairi likitoboka linalia. Likinyamaza halijapona. Limeisha upepo."

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na pikapu yake pale nje, ya kubebea mbolea. Alituendesha mpaka hospitali yetu ileile huku anaomba kwa sauti na kupiga honi, vyote kwa pamoja.

Zamu ya siku hiyo alikuwepo daktari mgeni, dada mdogo kuliko mimi, ndiyo kwanza amehamia. Hakukimbilia kipimo cha kusikilizia kifua. Alimvua shati akamtazama tu, akahesabu pumzi, akaweka oksijeni, akaagiza sindano na mvuke. Halafu akauliza, "Huyu aliwahi kuwekewa mpira wa kupumulia?"

Nilitaka kumpiga. Miezi yote ile, milango yote ile, hilo swali lilikuwa wapi?

"Aliwekewa hapa," nikasema. "Kitanda kile."

Akamgeukia Sista Nzunda, ambaye alikuwa ameingia na sare ya kanisani, wamempigia simu. "Sista, mtoto aliyetoka kwenye mpira akawa na mlio anapovuta hewa, mliwahi kumpeleka aangaliwe koo?"  Sista alikwenda kuandaa mtungi wa oksijeni wa gari.

Alipanda nasi kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa, nje ya mkoa. Alishika kifuniko cha oksijeni usoni mwa mwanangu. Malori yamejaa barabarani kama kawaida, ving'ora havisaidii kitu, dereva anapenya pembeni. Sista akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa chini, kama alivyokuwa akiwaimbia watoto wote.

"Nyamaza, Sista," nikamwambia.

Sikuwahi kumwambia neno kama lile. Alinyamaza. Mkono wake haukutikisika mpaka tulipofika, hata kwenye matuta.

Kule walimtoboa tundu shingoni, chini ya pale palipoziba, wakaweka mpira mfupi uliopinda. Sasa anapumulia hapo. Daktari wa koo alinieleza kwa kalamu. Aliifungua, akatoa ule mrija mwembamba wa wino. "Njia yake imebaki hivi." Akasema chini tu ya nyuzi za sauti kuna pete ngumu, na kwa mchanga ndipo mahali pembamba kuliko pote. Mpira ukibana pale, ukisugua, panatoka kidonda. Kidonda kinapona, kinaacha kovu, kovu linajikaza. Mtu mzima ana nafasi ya kubeba kovu. Mtoto hana.

"Nani amemfanyia hivi?" nikauliza.

"Mpira ulimwokoa, na huohuo ukamkwaruza. Inawezekana ni ukubwa wake, au muda, au kutoka na kurudi. Inawezekana ni vyote. Siwezi kukudanganya kwamba najua."

"Na mlio?"

Akarudisha mrija kwenye kalamu. "Mlio ulikuwa unawaambia. Angekuja mapema, pengine tungepanua bila kutoboa. Pengine. Akikua tutajaribu kumfungulia njia."

Hilo "pengine" nalala nalo. Sikasirikii mpira. Mpira ulifanya kazi yake na madhara yake, kama dawa zote. Nakasirikia yale makofi. Nakasirikia vigelegele vyetu. Mwanangu alikuwa anaomba msaada kwa kila pumzi, na sisi tukampangia sauti.

Tulirudi Tunduma na mashine ndogo ya kunyonya makohozi, na nyingine ya kukanyaga kwa mguu kwa ajili ya umeme ukikatika, na unakatika. Kazi niliyokuwa nawafanyia watoto wa watu naifanya sebuleni, mchana na usiku. Mama mkwe alikuja kutoka Igamba, akajifunza kukanyaga. Siku moja katikati ya kukanyaga akaacha, akasema, "Mama Amba, mimi ningemkatisha kimio." Nikamwambia, "Kanyaga, mama." Akakanyaga. Mpaka leo hakuna anayekanyaga kwa mapigo sawa kama yeye.

Sista Nzunda alikuja baada ya mavuno. Alileta sukari, sabuni na kuku amefungwa miguu. Alikaa ukingoni mwa kochi kama mgeni wa posa.

"Nimekuja, mwanangu."

"Nimekuona."

"Una hasira na mimi."

"Ulinidanganya, Sista."

"Sikukudanganya, Atu. Nilikosea. Niliamini kama ulivyoamini." Alivua miwani akaifuta kwa kanga. "Sisi tulioanza kazi zamani, hawa wote walikuwa wanakufa. Wote. Hatukuwa na mashine, hatukuwa na mpira. Unamfunika, unampa mama yake. Siku ya kwanza nimemsikia mtoto aliyetoka kwenye mpira anavuta hewa mwenyewe, nililia. Ningejuaje kwamba ile sauti ni shida? Kwangu ilikuwa ushindi."

"Wangapi, Sista? Wangapi tuliwaita kwaya wakaenda nyumbani?"

 Kuku akapiga mbawa sakafuni. 

"Nimeanza kuwatafuta," akasema. "Nakwenda mwenyewe, siku zangu za mapumziko. Wengine wamepona kabisa, wanakimbia. Wengine…" Akamtazama Amba aliyekuwa anatambaa. "Sijamaliza."

Nilimpikia yule kuku. Tulikula wote. Sijamsamehe, na nimemsindikiza mpaka barabarani nikambebea mfuko. Yote mawili ni kweli, msinilazimishe nichague.

Basi, mlioajiriwa juzi. Mlangoni simameni, msikilize, Sista yuko sahihi kuhusu kimya. Lakini anayesikika naye mwendeeni. Mlio anapotoa hewa ni habari moja, mlio anapovuta ni habari nyingine. Semeni upi mmeusikia. Mvueni shati muone kama kifua kinazama. Mama yeyote akija na mtoto mwenye mlio, muulizeni swali la yule daktari mgeni, hata kama mlikuwepo, hata kama plasta mlikata ninyi. Mama anayekwenda nyumbani mwambieni kwa maneno ya kueleweka: huyu alikuwa na mpira, mlio ukizidi au ukikata ghafla, njoo, na ukifika sema hilo kwanza kabla ya salamu. Mipira midogo ikianza kupungua, pigeni kelele kabla haijaisha. Mtaitwa wasumbufu. Ni afadhali. Na yeyote akimwita mtoto mwimbaji, mwambieni mimi nimekataza.

Wenzangu wameniuliza kwenye simu kama nitarudi. Ninaipenda kazi ile mpaka leo, naota nakata plasta. Siwezi. Hewa ya Amba inatokea shingoni, haipiti kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo akilia hakuna kinachosikika. Mwezi uliopita nilikuwa uani naanika nguo, nikarudi ndani nikamkuta amebana kidole kwenye bawaba ya kabati, uso wote umelowa machozi, ameita bila sauti mpaka amechoka, na mimi nilikuwa hatua chache tu naimba. Tangu siku hiyo simpi mgongo. Hata barua hii naiandika kiti kimegeuzwa, yeye amelala kwenye mkeka, kila sentensi nainua macho.

Naishia hapa. Ameamka, ameukunja uso. Analia.